Kwenda Borobudur: Mwongozo Kamili wa Kupanga Ziara ya Hekalu la Kale la Kibudha

Wageni wengi wa Borobudur hupanda moja kwa moja hadi juu, hupiga picha kando ya stupa (minara ya Kibudha yenye umbo la kengele) zenye matundu, kisha hushuka. Wanakuwa wamepita mbele ya paneli 2,672 za nakshi za mawe bila kuzitazama. Hekalu hili, lililoko katikati ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, lilijengwa kati ya karne ya 8 na ya 9, zama za watawala wa Sailendra. Waliolijenga walilipanga lisomwe kwa miguu: unaanzia chini, unazunguka, unapanda daraja moja, unazunguka tena. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulisoma hivyo. Siku hizi muda wa kukaa juu ya jengo una kikomo, kwa hiyo sehemu kubwa ya ziara unaifanya nyumbani, kabla hujapanda ndege.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha chagua wiki

Kiangazi cha Java ya kati huanza karibu Mei na kuishia Septemba au Oktoba. Mvua kubwa ni Novemba hadi Machi, na Januari na Februari ndizo mbaya zaidi: mawe huteleza na mawingu hufunika milima yote. Ukiniuliza mimi, Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti hali ya hewa ni safi, lakini watu ni wengi.

Msimu peke yake hautoshi. Kuna vipindi viwili vya kuangalia kwenye kalenda kabla hujalipa chochote.

Cha kwanza ni Waisak, sikukuu kubwa ya Wabudha, inayoangukia mwezi mpevu wa Mei na mara chache mwanzoni mwa Juni. Maji huletwa kutoka chemchemi ya Umbul Jumprit, moto kutoka Mrapen, na waumini hutembea kwa maandamano kutoka hekalu la Mendut, kupitia Pawon, hadi Borobudur. Kama hiyo ndiyo unayotaka kuiona, weka chumba miezi kadhaa kabla, na ujue kwamba taratibu za kawaida za watalii hubadilika siku hizo. Kama unataka kusoma kuta kwa utulivu, nenda wiki nyingine.

Cha pili ni Idd el-Fitri, ambayo Waindonesia huiita Lebaran. Mamilioni ya watu hurudi makwao, treni hujaa wiki nyingi kabla na barabara za Java husongamana vibaya. Acha wiki moja kabla na moja baada. Ramadhani yenyewe haina shida. Watu hupungua, ila migahawa mingi midogo hufunga mchana.

Merapi nayo iangalie. Ni volkano hai, iko upande wa mashariki wa hekalu, mwendo wa kilomita 30 hivi. Milipuko yake ya mwaka 2010 ilimwaga majivu juu ya Borobudur, na hekalu likafungwa ili lisafishwe. Serikali ya Indonesia hutangaza hali ya kila volkano kwa ngazi 4 za tahadhari, kutoka Normal, Waspada, Siaga hadi Awas. Soma tangazo la wiki unayosafiri.

Hatua ya 2: Nyaraka

Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele. Indonesia hutoa viza ya kielektroniki na viza ya kupata uwanjani kwa raia wa nchi zilizo kwenye orodha yake. Viza hiyo ni ya siku 30 na huongezwa mara moja. Orodha hubadilika, kwa hiyo tazama tovuti rasmi ya uhamiaji ya Indonesia, na tazama jina la nchi iliyotoa pasipoti yako. Hili nalisisitiza kwa ndugu zetu walioko Muscat, Dubai au London: kinachoangaliwa ni pasipoti, wala si nchi unayoishi. Ukiwa na swali, Indonesia ina balozi Dar es Salaam na Nairobi.

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Indonesia hukidai kwa abiria wanaotoka nchi zenye maambukizi, na nchi kadhaa za ukanda wetu zimo. Hata kama safari yako inaanzia mahali pasipo na ugonjwa huo, kile kitabu cha njano hakina uzito mfukoni. Siku chache kabla ya kutua, jaza mtandaoni tamko la kuingia nchini, lenye mambo ya forodha na afya.

Dawa za hospitali zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Sheria za Indonesia kuhusu dawa za kulevya ni kali mno, adhabu zake hufika kifo, kwa hiyo usikubali kumbebea mtu yeyote mzigo.

Hatua ya 3: Njia ya kufika

Kutoka Afrika Mashariki, njia za kawaida hupitia Doha, Dubai au Addis Ababa hadi Jakarta. Kutoka Jakarta una njia mbili.

Ya kwanza ni ndege ya ndani hadi Yogyakarta, kama saa moja na robo. Uwanja unaoutaka una alama YIA na uko Kulon Progo, magharibi mwa mji. Usiuchanganye na uwanja wa zamani wa Adisucipto, wenye alama JOG, ulio karibu na katikati ya mji. Kutoka YIA kuna treni ya kwenda stesheni ya Tugu mjini, dakika 40 hivi. Lakini kama unakwenda kulala Borobudur, kodi gari kutoka uwanjani moja kwa moja. Huna haja ya kuingia mjini kisha utoke tena.

Ya pili ni treni kutoka stesheni ya Gambir, Jakarta, hadi Tugu, saa 6 hadi 8 kutegemea treni. Mimi naipendelea hii kwa mtu asiye na haraka. Mashamba ya mpunga yanapita dirishani mchana kutwa, na unafika mjini kabisa.

Kutoka Yogyakarta hadi Borobudur ni kilomita 40 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, saa moja hadi moja na nusu kwa gari. Kuna mabasi, lakini ukiwa na tiketi yenye saa maalumu usiyategemee. Kodi gari na dereva wa siku nzima, au tumia Grab au Gojek, programu za simu za kuitia usafiri, kwa kwenda, na uhakikishe una usafiri wa kurudi.

Mabango ya barabarani yatasomeka Candi Borobudur. Hilo neno "candi" hutamkwa "chandi" na utaliona kwa kila hekalu la kale la Java.

Kisha saa. Java ya kati iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 4. Tiketi huandikwa kwa kuhesabu kutoka usiku wa manane, kwa hiyo 08.30 ni saa 2 na nusu asubuhi yetu. Andika saa yako kwa mtindo wao kwenye simu, maana ukikosa zamu yako ya kupanda, hakuna uhakika wa kupata nyingine siku hiyo.

Hatua ya 4: Lala kijijini

Kampuni nyingi huuza ziara ya siku moja kutoka Yogyakarta. Inawezekana, lakini unafika umechoka, jua limekwisha panda, na unaondoka kabla hujaona chochote kingine. Lala usiku 2 katika kijiji cha Borobudur au vijiji vya jirani kama Candirejo. Kuna nyumba za wageni za familia ambazo bei zake ni nafuu, na asubuhi unakwenda hekaluni kwa miguu au baiskeli. Alfajiri ya siku ya pili unaweza kupanda kilima cha Punthuk Setumbu kuona jua likichomoza nyuma ya milima ya Merapi na Merbabu, na hekalu likijitokeza kwenye ukungu wa bondeni. Jua huchomoza mapema, karibu saa 11 na nusu alfajiri.

Hatua ya 5: Tiketi, na hapa ndipo wengi hukosea

Kuna tiketi za aina mbili. Moja inakuingiza kwenye bustani na uwanja unaozunguka hekalu. Unaliona jengo kwa nje lakini hupandi. Nyingine inakuruhusu kupanda. Majina yake kwenye tovuti hufanana, na mtu akinunua kwa haraka hujikuta amesafiri maelfu ya kilomita kuja kusimama chini ya ngazi. Soma vizuri kabla ya kulipa, na nunua kwenye tovuti rasmi ya hifadhi.

Utaratibu wa sasa ulianza mwaka 2023. Idadi ya wanaopanda ilipangiwa kikomo, 1,200 kwa siku hapo mwanzoni, wakigawanywa kwa zamu, kila kundi na mwongoza watalii wake. Mgeni kutoka nje alitozwa rupia 455,000 kwa tiketi ya kupanda, pamoja na mwongozaji na makubadhi maalumu yaitwayo upanat. Bei na idadi hurekebishwa, kwa hiyo chukua takwimu hizi kama kipimo cha bajeti tu. Usipange Jumatatu kabla ya kuhakikisha, kwani ndiyo iliyotengwa kwa matengenezo.

Wapo wanaonung'unika kuhusu vikomo hivi. Mimi nawaunga mkono waliovileta. Ngazi za andesiti, jiwe la volkano, zilikuwa zinaliwa na mchanga uliobebwa na soli za mamilioni ya viatu. Makubadhi hayo laini ya kusukwa hupunguza msuguano huo, na unaruhusiwa kwenda nayo nyumbani.

Chukua zamu ya kwanza ya asubuhi. Mwanga ukija kwa ubavu, vivuli huingia kwenye nakshi na nyuso zinaonekana. Jua la saa 6 mchana hulifanya jiwe lote kuwa rangi moja.

Hatua ya 6: Jifunze jengo kabla ya kulifikia

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke. Juu ya jengo utakuwa na muda wa saa moja hivi, au zaidi kidogo. Mzunguko kamili wa korido zote ni karibu kilomita 5, hutaumaliza. Inabidi ujue mapema unachokitafuta.

Jengo lina sehemu tatu. Chini kabisa ni ulimwengu wa tamaa, Kamadhatu. Hapo kuna paneli 160 kuhusu matendo ya binadamu na malipo yake, lakini zimefunikwa na ukuta mpana wa mawe ulioongezwa baadaye, yumkini kuzuia jengo lisiporomoke. Ziligunduliwa mwaka 1885, na mwaka 1890 hadi 1891 mpiga picha Mjava, Kassian Cephas, akazipiga picha kabla ya kufunikwa tena. Kona ya kusini-mashariki imeachwa wazi. Isogelee: juu ya baadhi ya paneli kuna maneno mafupi yaliyochongwa kwa maandishi ya Java ya kale, ambayo wataalamu huyachukulia kuwa maelekezo kwa mafundi.

Katikati ni Rupadhatu, ulimwengu wa maumbo, wenye korido za mraba. Ndiko ziliko hadithi. Wahujaji huingia upande wa mashariki, hugeuka kushoto, na kuzunguka jengo likiwa mkono wao wa kulia. Ukifuata mwelekeo huo, hadithi za ukuta mkuu zinakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, kama unavyosoma Kiarabu. Korido ya kwanza, safu ya juu ya ukuta mkuu, ina paneli 120 za maisha ya Buddha, kuanzia kushuka kwake kutoka mbinguni hadi mahubiri yake ya kwanza karibu na Benares, India. Korido ya pili hadi ya nne zina mfululizo wa paneli 460, nyingi zikimfuata kijana Sudhana anayekwenda kwa mwalimu mmoja hadi mwingine akitafuta hekima.

Sasa meli. Kwenye korido hiyohiyo ya kwanza, safu ya chini, kuna paneli zenye vyombo vya baharini, na kwa msomaji wa pwani yetu hizi peke yake zinatosha kulipia safari. Tazama ile mashuhuri: matanga yamejaa upepo, mabaharia wako juu wakihangaika na kamba, mlingoti umetengenezwa kwa miti iliyounganishwa juu, na ubavuni kuna mihimili iliyoshika matengo, yale magogo yanayozuia chombo kisipinduke. Ni chombo cha mawimbi makubwa, lakini matengo yale yanafanya kazi ileile ya matengo ya ngalawa za Zanzibar na Mombasa. Wanahistoria wengi huona kwamba ufundi huo uliletwa kwetu na mabaharia wa visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia, watu wa asili moja na waliofika Madagaska, ambako Kimalagasi bado kina undugu na lugha za Borneo.

Mwingereza Philip Beale aliziona nakshi hizi mwaka 1982, na miaka 20 baadaye chombo kikajengwa kwa kuzifuata. Kiliundwa kwa mbao na mafundi wa visiwa vya Kangean, kikapewa jina Samudra Raksa. Kiliondoka Jakarta Agosti 2003, kikapitia Ushelisheli, Madagaska na Cape Town, kikafika Ghana Februari 2004. Leo kimewekwa katika jumba la makumbusho ndani ya hifadhi ya Borobudur. Kaa nacho hata nusu saa, uone kamba na viungo vyake. Mwambie mwongozaji wako mapema, kabla ya kuanza kupanda: "Naomba tusimame kwenye meli." Wengi hufurahi kupata mgeni mwenye ombi mahususi.

Sanamu za Buddha zilikuwa 504, na zaidi ya 300 zimeharibika, nyingi hazina vichwa. Kwa mbali zinafanana. Tazama mikono. Upande wa mashariki, mkono wa kulia umeshuka gotini na vidole vinagusa ardhi, kuiita ishuhudie. Kusini, mkono umeshuka vilevile lakini kiganja kimeelekea juu, kinatoa. Magharibi, mikono yote imelala pajani kwa tafakuri. Kaskazini, kiganja kimeinuliwa mbele: usiogope. Ukishazijua ishara hizi nne, hata ukipotea ndani ya korido utajua uko upande gani.

Juu ni Arupadhatu, ulimwengu usio na umbo: kuta zinakwisha, nakshi zinakwisha, unatokea uwazini kwenye duara tatu zenye stupa 72, yaani 32, 24 na 16, zikizunguka stupa kuu. Angalia matundu: duara mbili za chini yamekaa kama almasi, duara ya juu ni miraba. Badiliko la kutoka korido finyu hadi uwazi huu ndilo kusudi la jengo zima, na aliyepanda mbio hadi juu hawezi kulihisi.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Kanga au kikoi kinafaa sana, na kitakukinga na jua. Beba kofia, maji na koti jepesi la mvua. Ngazi ni za wima na vidato vyake ni virefu. Mzee au mwenye shida ya magoti apande taratibu, au abaki kwenye korido ya kwanza, ambako kuna mengi kuliko juu.

Zamani watu walipenyeza mkono kwenye tundu la stupa kugusa sanamu ili wapate bahati. Imekatazwa. Usikalie wala kuegemea stupa, usipande ukuta kwa ajili ya picha, usirushe droni bila kibali. Mabomu yaliharibu stupa 9 hapa tarehe 21 Januari 1985, na kabla ya hapo ukarabati wa UNESCO na serikali ya Indonesia, 1975 hadi 1982, ulihamisha zaidi ya mawe milioni moja. Kilichobaki kimegharimu jasho la watu wengi.

Ukiwakuta watawa au waumini wakisali, wapishe wapite ndani na usiwapige picha za usoni bila ruhusa. Kwa Mwislamu au Mkristo mwenye wasiwasi: hakuna anayekudai uiname au usali. Wengi wa wanaokuja hapa, na wengi wa waongozaji, ni Waislamu wa Java. Sehemu ya kuswalia ni rahisi kuipata, na chakula halali ndicho cha kawaida kila mahali.

Hatua ya 8: Mendut na Pawon

Mahekalu haya mawili madogo yaliorodheshwa na UNESCO pamoja na Borobudur mwaka 1991, na yote matatu yamekaa karibu katika mstari mmoja. Pawon ni dogo, dakika 15 zinatosha. Mendut, kilomita 3 hivi upande wa mashariki, lipe saa nzima. Ndani ya chumba chenye giza wameketi Buddha na wasindikizaji wake wawili, wa mawe, yeye akiwa na urefu wa mita 3, miguu imening'inia kama mtu aliyekaa kitini. Subiri macho yazoee giza. Jirani yake kuna monasteri inayofanya kazi hadi leo.

Hatua ya 9: Fedha, chakula, umeme

Rupia ina sifuri nyingi. Hesabu noti zako taratibu. Beba taslimu kwa vijijini. Plagi ni za pini 2 za mviringo, kwa hiyo za kwetu zenye pini 3 bapa zinahitaji adapta. Maji ya bomba usinywe. Kula gudeg, fenesi changa lililopikwa kwa saa nyingi kwenye tui la nazi na sukari ya mnazi. Ni tamu kuliko mtu wa pwani anavyotarajia, uombe na sambal, pilipili ya kusaga, pembeni.

Ikibaki siku moja kabla ya ndege, nenda mashariki mwa Yogyakarta, kilomita 17 hivi, hadi hifadhi ya Prambanan. Watu hufuata mahekalu makubwa ya Kihindu ya karne ya 9, lakini ndani ya hifadhi hiyohiyo, mwendo mfupi kaskazini, liko Sewu, kundi la mahekalu ya Kibudha yenye majengo 249, na wageni huwa wachache. Kwa baiskeli utaongeza na Plaosan, mashariki kidogo kati ya mashamba.